Mfalme Yuko Hatarini: Mwongozo wa Kulielewa Neno "Check" na Jamaa Zake

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi ya kufasiri kijarida cha afya kuhusu shinikizo la damu. Sentensi moja ya Kiingereza ilisema kwamba presha ikiachwa "unchecked" huharibu figo. Nikaandika: "Presha isipopimwa huharibu figo." Sikuona tatizo. "Check" nililijua tangu shule ya msingi: kuangalia, kukagua, kupima. Kijarida kikachapwa, kikagawiwa kliniki.

Siku moja nilikuta mzee mmoja kwenye foleni ya dawa, kijarida mkononi. Alipojua kwamba ni mimi niliyekifasiri, akaniambia: "Mwanangu, mimi napima kila Jumatatu. Humu mmeandika kwamba inayoharibu figo ni presha isiyopimwa. Yangu inapimwa. Sasa hizi dawa nameza za nini?"

Mzee alisoma sawasawa. Mfasiri ndiye aliyekosea. Katika sentensi ile "check" lilikuwa na maana ya kuzuia, kutia breki, kudhibiti. Nilipaswa kuandika: "Presha isipodhibitiwa huharibu figo." Kupima kunakujulisha presha imefika wapi; dawa, chakula na mwenendo ndivyo vinavyoizuia isipande. Kwa kitenzi kimoja nilimfanya mtu mzima aone dawa zake hazina kazi.

Mwongozo huu umetokana na siku ile. Nimeuandika kwa ajili ya mfasiri, mwalimu, mwanafunzi, mwandishi wa habari, karani, na kila mtu anayelazimika kuvusha Kiingereza kuja Kiswahili. Nimelichagua neno "check" kwa sababu utalikuta benki, uwanja wa ndege, hospitalini, kwenye katiba, hata kwenye shati ulilovaa. Kamusi ya Kiingereza hulipa safu nzima ya maana, na anayejaribu kuzikariri moja moja huchoka kabla hajafika katikati. Ninachotaka uondoke nacho ni hiki: karibu maana zote hizo zimechipuka kutoka tukio moja, la mfalme kutishiwa kwenye ubao wa sataranji. Ukilishika tukio hilo, kila maana utajua imetoka wapi, na utajua Kiswahili chake ukitafute upande gani.

Anza na mfalme ubaoni

Sataranji ilianzia India, ikijulikana huko yapata karne ya 6 kwa jina la Kisanskriti "chaturanga", yaani yenye sehemu nne: tembo, farasi, magari ya vita na askari wa miguu. Wajemi walipoupokea mchezo waliuita "chatrang". Waarabu walipoitwaa Uajemi katika karne ya 7 wakautamka "shatranj", na sisi wa pwani tukasema sataranji.

Kete kuu ya mchezo Wajemi waliiita "shah", yaani mfalme. Mchezaji akipeleka kete yake mahali inapomtishia mfalme wa mwenzake, alitamka neno hilo hilo kwa sauti: "Shah!" Maana yake ni tahadhari: mfalme wako yuko hatarini, mwangalie. Na kanuni ikawa, na bado ni hiyo leo, kwamba aliyeambiwa hivyo hana ruhusa ya kucheza kitu kingine mpaka amwokoe mfalme wake. Shughuli zote za ubaoni zinasimama.

Mchezo ukasafiri na Waarabu hadi Hispania na Sisilia. Katika Kilatini cha zama hizo "shah" ikawa "scaccus", na katika Kifaransa cha kale ikawa "eschec". Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066 walikwenda na lugha yao, na kufikia karne ya 14 Waingereza walikuwa wakisema neno ambalo leo tunaliandika "check". Jina la mchezo wenyewe, "chess", limetokana na wingi wa neno lile lile la Kifaransa. Kwa hiyo "check" na "chess" ni umoja na wingi wa mfalme mmoja wa Uajemi.

"Checkmate" nayo ni "shah mat". Wapo wanaoisoma kwa Kiarabu wakasema ni "mfalme amekufa", wakiihusisha na mzizi uliotupa mauti na maiti. Wapo wanaoisoma kwa Kiajemi: mfalme ameduwaa, ameishiwa na la kufanya. Mimi huona usomaji wa pili unaafikiana zaidi na ubao, maana katika sataranji mfalme hauawi wala haondolewi mahali pake. Anakosa pa kukimbilia, mchezo unaisha.

Kabla hujaendelea, weka kando wazo kwamba neno hili ni la kigeni kabisa kwako. Kiswahili kinalo neno "shaha". Kamusi zetu hulieleza kuwa ni mfalme wa sataranji, na pia kiongozi wa washairi, ndiyo maana mshairi mkubwa akaitwa shaha wa malenga. Lilitufikia kwa njia ya bahari, kama yalivyotufikia bandari, nahodha na pamba, maneno ambayo nayo yana asili ya Kiajemi. Karne nyingi baadaye Kiingereza kikatuletea "check", na mitaani tukapata "cheki": cheki hii picha, nicheki jioni. Shaha na cheki wanaishi nyumba moja, ni nyanya na mjukuu, na wengi wetu tunawapita kila siku bila kujua kwamba ni ndugu.

Sasa tufuate matawi. Nimeyagawa matano.

Tawi la kwanza: kuzuia

Hili ndilo tawi lililo karibu zaidi na ubao, na ndilo wafasiri wengi tunalolisahau. Mfalme akitishiwa, kila kitu kinasimama. Kutoka hapo Waingereza wakalitumia neno kwa kila jambo linalosimamishwa au kupunguzwa kasi: farasi anayevutwa hatamu, jeshi linalokwamishwa lisisonge, hasira inayomezwa.

Dalili yake ni kwamba kinachofanyiwa "check" ni kitu chenye nguvu ya kukua, kuenea au kusonga mbele: ugonjwa, moto, mfumuko wa bei, mmomonyoko wa udongo, tamaa ya mtawala. Kiswahili chake ni kuzuia, kudhibiti, kukomesha, kutia lijamu, kutia breki. "Keep in check" ni kukidhibiti kitu kisivuke mpaka. Mkulima akisoma kwamba vidukari wako "in check" kwa sababu wapo wadudu wanaowala, asidhani kuna ofisa aliyekuja shambani kuwakagua: wamedhibitiwa. "Unchecked" ni kile kisichozuiwa, kilichoachwa kiende kitakavyo. Hapo ndipo nilipokosea mimi.

Tawi hili limezaa usemi mzito wa kisiasa: "checks and balances". Katiba ya Marekani iliyoandikwa mwaka 1787 inampa rais uwezo wa kukataa mswada, kisha inalipa Bunge uwezo wa kuupitisha mswada huo huo kwa theluthi mbili za kila baraza. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamwachia Rais ateue mawaziri, lakini hawashiki kazi mpaka Bunge la Taifa liwaidhinishe. Katika mifano yote miwili mhimili mmoja unauzuia mwingine usifanye utakavyo. Ukiandika "ukaguzi na mizani" umemchorea msomaji mkaguzi wa hesabu na muuza nyama. Andika "mihimili kudhibitiana", au "mamlaka kuwekeana mipaka", naye ataelewa kwa nini watu hupigania jambo hilo.

Tawi la pili: miraba

Ubao wa sataranji una miraba 64, ya rangi mbili. Kutoka ubaoni neno likahamia kwenye sura ya ubao: "check" au "chequered" ni kitu chenye miraba. Shati la "check" ni shati la drafti. Wamarekani huuita mchezo wa drafti "checkers" kwa sababu hiyo hiyo. Bendera ya miraba myeusi na myeupe inayopeperushwa dereva anapomaliza mbio za magari ni ya ukoo huu. Na mtu au taasisi yenye historia "chequered" ni ile yenye mwanga na giza kwa zamu kama ubao. Sisi tutasema historia ya mabonde na milima.

Kwenye tawi hili kuna hadithi ambayo kila mtu wa hesabu angefaa kuijua. Katika utawala wa Mfalme Henry wa Kwanza wa Uingereza, aliyetawala kuanzia 1100 hadi 1135, hesabu za mapato ya mfalme zilifanywa juu ya meza kubwa. Richard FitzNeal, mhazini wa ufalme katika nusu ya pili ya karne hiyo, aliandika kitabu cha Kilatini kueleza ofisi hiyo. Anatuambia meza ilikuwa na urefu wa futi 10 na upana wa futi 5, imetandikwa kitambaa cheusi kilichochorwa mistari. Maliwali wa majimbo walifika mara mbili kwa mwaka kuwasilisha makusanyo. Vidude vidogo vya kuhesabia vilipangwa kwenye safu: safu ya peni, safu ya shilingi, safu ya paundi, na kuendelea. Namba za Kirumi ni ngumu kujumlisha kwa kalamu, na wengi waliokuwepo hawakujua kusoma. Kwenye kitambaa kila mtu aliona kwa macho yake kilicholetwa na kinachodaiwa.

FitzNeal mwenyewe aliifananisha kazi hiyo na sataranji: upande huu mhazini, upande ule liwali, na baina yao pambano. Kwa kuwa meza ilifanana na ubao wa mchezo, ofisi ikaitwa kwa jina la ubao, "eschequier" kwa Kifaransa, na kwa Kiingereza "exchequer". Ile herufi x iliingizwa baadaye na waandishi waliodhani neno linaanza na "ex" ya Kilatini. Walikosea, lakini kosa likabaki. Hadi leo waziri wa fedha wa Uingereza ana cheo cha "Chancellor of the Exchequer", na magazeti ya Kiingereza ya Nairobi huandika kwamba "Exchequer" imetoa fedha kwa kaunti. Neno letu ni Hazina. Litumie bila wasiwasi.

Tawi la tatu: kulinganisha na kukagua

Tawi hili ndilo nene kuliko yote leo, ingawa lilichelewa kukua. Kutoka kuzuia, Waingereza walifika kwenye kuzuia udanganyifu, na njia kuu ya kuzuia udanganyifu ni kulinganisha vitu viwili: maelezo na ukweli, orodha na mzigo, nakala na asili.

Ofisi ile ya mfalme ilikuwa na ufundi wake wa jambo hilo. Deni au malipo yalichongwa kwa alama kwenye kijiti, kisha kijiti kikapasuliwa katikati kwa urefu. Kila upande ukabaki na nusu. Siku ya hesabu nusu mbili zilikutanishwa. Alama zisipokaa sawa, kuna aliyechezea. Vijiti vya namna hiyo viliendelea kutumika Uingereza kwa karne nyingi, na mwaka 1834, vilipokusanywa vichomwe kwa kuwa vimepitwa na wakati, moto ukashika ukateketeza sehemu kubwa ya jengo la Bunge la Westminster.

Kiswahili kina utajiri hapa, na ni hasara kuumwaga wote kwenye kitenzi kimoja cha "kuangalia". Kila kazi ina kitenzi chake:

- Mkaguzi hukagua vitabu vya hesabu na mizigo forodhani.
- Mhariri huhakiki taarifa kabla ya kuchapwa, na hupitia mswada kutafuta makosa.
- Daktari huchunguza mgonjwa na hupima damu yake.
- Karani hulinganisha sahihi mbili, na huthibitisha jina na namba ya kitambulisho.
- Mpishi huonja chumvi, na mama huchungulia chumbani kama mtoto amelala.

Katika mifano hii yote Kiingereza kinaweza kusema "check". Anayefasiri ana jukumu la kuuliza kazi inafanywa kwa nini: kwa macho, kwa kipimo, kwa ulimi, au kwa karatasi mbili kuwekwa sambamba.

Tawi la nne: hundi

Watu wa London walikuwa wakiandikiana amri za malipo kabla neno "cheque" halijakuwepo. Karatasi moja iliyosalia ni ya mwaka 1659, inayoamuru zilipwe paundi 400. Mwanzoni mwa karne ya 18 "check" lilikuwa jina la kipande kinachobaki kitabuni amri ya malipo inapochanwa. Kazi yake ilikuwa ile ile ya kijiti kilichopasuliwa: kulinganisha, ili karatasi ya kughushi ijulikane. Baadaye jina likahama kutoka kipande kinachobaki kwenda kwenye karatasi inayotolewa. Katika karne ya 19 Waingereza wakazoea kuliandika "cheque", wakivutwa na tahajia ya "exchequer". Wamarekani wakabaki na "check".

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki tofauti hii ina faida, kwa kuwa benki zetu hufuata tahajia ya Uingereza. Ukiona "cheque", huna haja ya kujiuliza: ni hundi. Ukiona "check" katika maandishi ya Kimarekani, huenda ni hundi, huenda ni bili ya mgahawa, huenda ni jambo jingine kabisa.

Neno hundi lenyewe halina undugu na "cheque". Ni la Kihindi. Wafanyabiashara wa Kihindi walikuwa na karatasi zao za kuhamisha fedha bila kubeba sarafu, wakaja nazo Zanzibar na miji mingine ya pwani, nasi tukalichukua jina la karatasi kutoka mikononi mwao. Tulikuwa na jina la kitu hiki bila kulingoja la Kiingereza, basi tuliheshimu. Kuandika "cheki" kwa maana ya hundi kunamchanganya msomaji ambaye tayari anasema "cheki" kwa maana ya tazama.

Nawakumbuka pia wasomaji wa Kongo na Burundi wanaojua Kifaransa. Ninyi mna maneno mawili ya ukoo huu: "échec", kushindwa, ambalo limebaki na uchungu wa mfalme aliyenaswa, na "chèque", hundi. Hilo la pili Wafaransa walilichukua kwa Waingereza. Waliwapa neno katika Zama za Kati, wakalipokea tena limevaa nguo za benki.

Tawi la tano: alama na kithibitisho

Kipande kile kilichobaki kitabuni kilizaa maana nyingine, hasa Marekani: kitu kidogo kinachothibitisha haki yako. Kibandiko cha mzigo, namba ya koti uliloacha mlangoni, tikiti iliyochanwa nusu. Kwa maana hiyo mzigo "checked" ni ule uliokabidhi kwa shirika la ndege ukapewa kithibitisho, usafiri tumboni mwa ndege. "Rain check" ilikuwa tikiti ya kurudi bure mchezo wa besiboli uliovunjwa na mvua. Leo Mmarekani akisema anachukua "rain check" anakuambia kwa adabu: leo sitaweza, nialike siku nyingine. "Check" ya mgahawani ni bili. Na alama unayoweka mbele ya jambo lililokwisha, ambayo Wamarekani huiita "check mark", sisi huiita tiki, au alama ya vema.

Vijineno vinavyolifuata

Kiingereza hubadili kitenzi kwa kukibandika kijineno nyuma, na hapo ndipo wengi hujikwaa. Haya ni yale utakayokutana nayo mara nyingi:

"Check in" hotelini ni kupokewa na kuandikishwa. Kwenye uwanja wa ndege ni kukabidhi tikiti na mizigo kabla ya safari. "Check out" hotelini ni kulipa, kurudisha ufunguo na kuondoka. Dukani ni kulipia ulichochukua. Maktabani ni kuazima kitabu. "Check up on" mtu ni kumfuatilia, pengine kwa kumshuku. Lakini "check on" mgonjwa ni kumjulia hali. Usimkosee jirani mwema kwa kuandika kwamba alikwenda kumkagua mgonjwa. "Check with" mtu ni kumuuliza kwanza kabla hujaamua. "Check-up" ni uchunguzi wa afya, na wengi husema chekapu. "Checkpoint" ni kizuizi barabarani: hapo maana mbili zinakutana, maana gari linazuiwa ili likaguliwe.

Jina la taifa la Wacheki, ambalo kwa Kiingereza hutamkwa sawa na "check", halimo katika ukoo huu. Limetokana na jina la watu wenyewe.

Maswali matano kabla ya kuandika

Yaweke mezani unapofanya kazi.

1. Mtendaji ana macho? Mtu anaweza kukagua. Mvua, sheria, dawa na ukuta haviwezi, hivyo huzuia.
2. Mtendwa anakua au anaenea? Kama ndivyo, jaribu kwanza kudhibiti, hata kama mtendaji ni mtu.
3. Kuna vitu viwili vinavyolinganishwa? Kama vipo, uko kwenye kuhakiki, kulinganisha au kuthibitisha.
4. Ni kitu cha kushika mkononi? Hundi, bili, kibandiko, tikiti. Tazama tahajia, na mwandishi ni wa nchi gani.
5. Msomaji wako atafanya nini baada ya kusoma? Jibu hili huliamulia neno pale maswali manne ya kwanza yalipokuacha njia panda.

Zoezi

Funika majibu kwa kiganja, ufasiri mwenyewe kwanza.

"The rain checked the fire." Mvua haina macho, na moto huenea. *Mvua iliuzuia moto usienee.*

"Grandmother checked the fire." Bibi ana macho, na moto huu uko mekoni. *Bibi aliutazama moto.* Sentensi mbili zimetofautiana kwa mtendaji tu, na kitenzi chote kimebadilika.

"He was about to answer, but checked himself." Kinachozuiwa ni maneno yake. *Alitaka kujibu, akajizuia.* Lakini akiwa mbele ya kioo, "checked himself" ni *alijitazama.*

"She paid the check." *Alilipa bili.* "She paid by cheque." *Alilipa kwa hundi.*

"Check the box." Katika fomu: *weka alama kwenye kisanduku.* Stoo: *angalia ndani ya boksi.* Sentensi yenyewe haitakuambia. Tazama imeandikwa wapi.

"A checked bag." Hili ni gumu kuliko yote, kwa kuwa lina majibu matatu: mfuko wenye miraba, mfuko uliokwisha kukaguliwa, au mzigo uliokabidhiwa usafiri chini ya ndege. Ukiwa katika tangazo la shirika la ndege, ni la tatu. Ukiwa katika duka la nguo, ni la kwanza. Ukiwa langoni mwa jengo lenye walinzi, ni la pili.

Maneno mengine ya Kiingereza yanangoja kushughulikiwa hivi hivi: "charge", "board", "bank", "draft". Njia ni ile ile. Tafuta tukio la kwanza, tazama limezaa matawi gani, kisha kila tawi litafutie Kiswahili chake. Usitafute neno moja la Kiswahili litakalobeba yote. Halipo, na halihitajiki. Lugha yetu ilishayagawa mambo haya kwa namna yake, tena kwa makini.

Kijarida kile kilipochapwa upya tuliandika "isipodhibitiwa", tukaongeza sentensi moja ya wazi: kupima peke yake hakushushi presha, endelea na dawa kama ulivyoelekezwa. Mzee nilimweleza siku ile ile palepale kwenye foleni, nikamwomba radhi. Alinisikiliza, akakunja kijarida akakitia mfukoni, akasogea dirishani kuchukua dawa zake.

Wajemi walitamka "shah" kwa sauti ili mwenzao ajue mfalme wake yuko hatarini kabla hajachelewa. Mzee alinifanyia hivyo mimi, kwa swali moja. Nawe ukimaliza kusoma hapa, fungua kazi uliyokwisha kuikabidhi ukidhani imekamilika, utafute kila mahali ulipoandika "kuangalia", na umuulize kila mmoja wa watendaji wako kama ana macho.